Sikutolewa jini kule Moa, nilikatishwa dawa ya wasiwasi

Wakuu, heshima zenu, wa bara na wa pwani. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi si mwandishi. Nimeishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Lakini nitakayoeleza hapa ni kweli tupu, na nikiongeza neno lisilokuwepo basi sindano na inichome jicho lile lile ninalotungia uzi.

Ni fundi cherehani hapa Ngamiani, nashona kanzu. Umri nakaribia hamsini. Jina langu Athumani.

Naandika kwa sababu habari zangu zinatembea bila mimi. Kuanzia Moa mpaka Mkwaja watu wanaambiwa kuna fundi wa Ngamiani alikula vidonge vya hospitali hakupona, akaenda kwa Ustadh Bakari akatolewa jini, leo mzima anashona. Na mtu mwenye mgonjwa wake akisikia hivyo, anatupa vidonge.

Fundi huyo ndiyo mimi. Na si kweli.

Walionifikisha kule Moa nitawataja. Simu wanazo, wakitaka waje wajibu hapa hapa.

Ilianza hivi.

Nilipigwa kumbo na lori nikiwa kwenye baiskeli, nimefunga jora la kitambaa nyuma. Baiskeli ilikunjika, mimi sikuchubuka hata ukucha. Watu wakasema fundi una bahati, nami nikaamini nina bahati.

Miezi ikapita. Siku moja nampima mteja shingo, futi iko mkononi, moyo ukaanza kukimbia wenyewe. Jasho. Pumzi haifiki chini. Vidole ganzi. Nikajua nakufa sasa hivi, mbele ya mteja. Nikatoka mbio nikamwacha na futi shingoni.

Sikufa. Kesho yake ikaja tena. Keshokutwa ikaja nikiwa kwenye swala.

Nikazunguka kupima. Presha nzuri. Sukari nzuri. Moyo wakaniwekea zile nyaya za kifuani, mzuri. Msikitini wananiambia wasiwasi unatoka kwa shetani, zidisha dhikri. Nikazidisha. Na moyo nao ukazidisha.

Mwisho nikaelekezwa kliniki ya akili, hospitali kubwa. Wakuu, siku ile nilivaa kofia mpaka kwenye nyusi ili mtu wa mtaani asinitambue.

Nikamkuta Dokta Elia. Huyu ndiye wa kwanza kumtaja.

Simlaumu kwa ugonjwa, alinisoma vizuri. Akaniambia una ugonjwa wa wasiwasi, upo, unatibika, si uchizi. Nilitaka kulia kwa furaha. Halafu akaandika dawa na jicho lake lilishahamia kwa mtu anayefuata mlangoni.

Nikamuuliza, "Dokta, hazina madhara?"

"Kunywa tu, mzee. Utazoea."

Hilo ndilo somo zima nililopewa. Utazoea. Nitazoea nini, hakusema.

Jina la dawa sitaliandika, msiniulize. Najua humu kuna mtu atalichukua jina aende nalo duka la dawa akanunue bila kuandikiwa. Na pale dukani nilipopewa mimi, walinikatia vidonge kwa mkasi wakaniwekea kwenye kibahasha cha kaki. Ile karatasi ya maelezo inayokaa ndani ya boksi ilibaki huko huko na boksi lake.

Wiki ya kwanza.

Kichefuchefu. Harufu ya mafuta ya cherehani, ambayo nimeivuta tangu ujana, ikawa inanitoa nje kutapika. Wasiwasi wenyewe haukupungua, uliongezeka. Nilikuwa natumia dawa ya kuzima moto na nyumba inazidi kuwaka.

Jasho la kiganjani. Kanzu nyeupe hiyo, nikiishika inabaki na alama.

Na miayo. Hii ishikeni, nitarudi kwayo. Nilikuwa napiga miayo kuanzia asubuhi, si ya usingizi, inakuja tu mfululizo mpaka taya linauma. Niliwapigia wateja miayo, nikampigia imamu, mbuzi wa jirani naye nilimpigia.

Halafu miguu. Ikawa haitulii. Nikikaa, goti linaruka. Nikisimama, natembea pale pale.

Hapo ndipo anapoingia Hamza, wa pili kwenye orodha yangu. Tulikuwa tunakaa naye baraza moja, cherehani yake na yangu zinatazamana. Rafiki wa miaka. Akaniona nimekaa kwenye benchi mguu unaruka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza kahawa:

"Fundi, cherehani uko nayo mbali, mbona mguu bado unashona?"

Baraza zima likacheka. Na mimi nilicheka. Lilikuwa neno zuri, siwezi kukataa.

Lakini mikono nayo ikaanza kutetemeka na hapo kicheko kikaisha. Kazi ya kanzu yote iko shingoni, pale kwenye darizi, ule urembo wa uzi. Mkono ukitetemeka pale, umeharibu kanzu. Niliharibu ya mteja wa kwanza, nikalipa kitambaa. Nikaharibu ya pili.

Na chumbani jamani. Nitasema kwa adabu. Mwili wa kiume ulikuwa kama umeaga safari bila kuniambia. Mke wangu, Mama Salma, kwanza alidhani nimepata mwanamke mtaa wa Mikanjuni. Akanuna. Nilipomwonyesha vidonge, akaacha kununa, akaanza kuogopa. Afadhali angenuna.

Nilirudi hospitali kuuliza kama hii ndiyo ile "utazoea". Dirishani wakatazama kadi yangu wakasema tarehe yako bado. Nikasema sitaki dawa, nataka kuuliza tu. Wakasema swali nalo lina tarehe yake, mzee. Dokta Elia hayupo, yuko likizo.

Nikarudi nyumbani na swali langu.

(Naona tayari kuna mtu ameandika hapo chini kwamba natukana dini. Ndugu yangu, hata kwenye dini sijafika. Soma kwanza.)

Hamza alikiona kile kibahasha siku nilipokiacha kwenye droo ya cherehani. Hakuniuliza. Alisubiri nimekwenda kuswali, akawaambia watu barazani kwamba fundi anakula vidonge vya vichaa, na mwenye kitambaa chake kwake afanye hima. Haya nilihadithiwa na muuza kahawa, tena kwa huruma.

Ilikuwa Shaaban imeingia. Wenzangu wa pwani mnajua, Shaaban ndiyo fundi kanzu anapata cha kula mwaka mzima, kila mtu anataka kanzu ya Ramadhani na ya Idi. Wakaanza kuja mmoja mmoja. Fundi, nirudishie kile kitambaa, mke kasema tusubiri kidogo. Fundi, nirudishie, nasafiri. Wakatoka kwangu na vitambaa, wakavuka hatua tatu, wakavishusha kwa Hamza.

Siwalaumu. Na mimi nisingempa kitambaa mtu anayetetemeka.

Habari zikamfikia shemeji yangu Moa. Ustadh Bakari, kaka yake mke wangu. Huyu ndiye wa tatu, na ndiye mkubwa wao.

Elewaneni na mimi hapa. Mimi ni Muislamu, baba yangu alikuwa mwadhini. Kisomo nakijua, kinatuliza. Kombe nimelinywa tangu mtoto, aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi, unakunywa. Sina ugomvi na kombe. Ugomvi wangu ni na mtu mmoja aliyejifanya anajua asichokijua.

Akaja Ngamiani. Akanikalisha mkekani, akaanza kunisomea.

Na mimi nikapiga miayo.

Nikapiga tena. Na tena. Machozi yakanitoka kwa miayo.

Wa pwani mshanielewa. Kwetu mtu akisomewa akapiga miayo, kesi imekwisha, ana jini. Hilo halina mjadala, bibi yangu angesema hivyo, bibi yako angesema hivyo. Nikamwambia shemeji, hii miayo ninayo wiki ya ngapi sasa, ilianza na vidonge, nampigia hadi mbuzi. Akamtazama dada yake akatikisa kichwa.

"Unasikia anavyojitetea? Si yeye anayesema huyo."

Kuanzia dakika ile, wakuu, kila nilichosema kilikuwa si mimi. Nikisema ndiyo, jini limekubali. Nikisema hapana, jini limekataa. Mguu unaruka, jini. Mikono, jini. Chumbani, hilo ndiyo kabisa, jini jike limenioa.

Mama Salma akamwamini kaka yake. Nami simtaji katika wabaya wangu. Ana mume anayeharibika mbele ya macho yake, na ana kaka aliyemlea. Ungefanya nini?

Tukaenda Moa, mimi na shemeji.

Siku ya kwanza pale akaniomba vidonge. Nikadhani anataka kuviona. Akavitia chooni, na kibahasha chake.

"Kombe na vidonge havikai tumbo moja," akasema.

Siku mbili tatu za mwanzo nilikuwa sijambo. Kichefuchefu kilipungua, nikala ugali na samaki. Nikasema moyoni pengine shemeji anajua.

Halafu ikaja.

Sina lugha ya kueleza vizuri. Nikigeuza macho kutazama pembeni, kichwani kinapita kitu kama shoti ya umeme, tssss, mpaka mdomoni. Nikisimama nchi inazunguka. Natapika maji matupu. Nalia bila kuambiwa kitu, halafu hasira, nataka kuvunja mlango. Na ule wasiwasi wa zamani ukarudi, umekuja na ndugu zake wote. Wakuu, kuna alasiri nilimwomba Mungu anichukue, na nilikuwa namaanisha. Ningekuwa na nguvu ya kutembea mpaka baharini sijui leo nani angeandika huu uzi.

Mtu yeyote mwenye akili angesema huyu anaumwa, mpelekeni hospitali.

Shemeji alifurahi. Wallahi alifurahi, alikuwa anang'aa uso. Akawaita majirani waje waone. "Anatoka huyo, mshikeni, anapiga mateke ya mwisho."

Wakanishika vijana wa kivuvi wenye mikono kama makasia. Mmoja anamwambia mwenzake taratibu, usimvunje, ni fundi huyu. Shemeji akainama sikioni kwangu.

"Nani wewe?"

"Mimi Athumani."

"Muongo. Umetoka wapi?"

"Ngamiani."

"Unataka nini?"

"Nataka vidonge vyangu."

Akainuka akawaambia watu, "Jini wa mjini huyu. Kazoea vidonge."

Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akasema kweli, siku hizi yamestaarabika.

Mkicheka nawaruhusu. Mimi mwenyewe nikilikumbuka nacheka, halafu nashindwa kula.

Waliendelea hivyo mpaka nikaishiwa. Siku nilipokuwa sina hata nguvu ya kutetemeka, nimelala kama nguo iliyofuliwa, shemeji akasema ameshatoka. Mwangalieni alivyotulia.

Nilikuwa sijatulia. Nilikuwa nakaribia kufa.

Mama Salma alikuwa amebaki Ngamiani na watoto. Alipokuja kunichukua akainua shuka, akanitazama kifua kilivyobaki mbavu. Alinifunga kanga kiunoni suruali isidondoke, akaita bodaboda.

Nilidhani tunakwenda nyumbani. Akanipeleka kliniki. Pale dirishani wakasema tarehe yake bado. Akakaa kwenye benchi akaniegemeza begani.

"Basi tutaisubiri hapa hapa," akasema.

Akakaa kweli. Adhuhuri ikaingia, akakaa. Mwisho akatoka daktari mwingine, mwanamke, Dokta Zawadi, akauliza huyu ana nini. Huyu namtaja kwa wema, na yeye anastahili jina lake.

Aliniuliza kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tangu nianze kuumwa: unajisikiaje ukigeuza macho? Nikamweleza ile shoti. Hakushtuka. Akaniambia hiyo si ajabu, ni mwili unaidai dawa iliyokatwa ghafla. Ile miayo je? Dawa. Mguu? Dawa. Chumbani? Dawa pia, wanaume wengi inawapata, hawasemi.

Mama Salma akaanza kulia pale pale. Mimi sikulia. Nilikasirika. Maneno mafupi kama yale, Dokta Elia angeyasema siku ya kwanza, mimi nisingefika Moa. Ningemwambia shemeji, hii miayo daktari aliniambia itakuja, na mke wangu angekuwa shahidi.

Dokta Zawadi akanibadilishia dawa. Na safari hii tulianza na nusu kidonge.

Hii nayo ina maudhi yake, msidanganywe kuna dawa haina. Mdomo ulikauka mpaka ulimi unaganda, nikawa natembea na kipande cha ndimu mfukoni nalamba. Usingizi, basi akanihamishia dozi iwe baada ya kula usiku, na siendeshi baiskeli asubuhi mpaka kichwa kifunguke. Choo kigumu, nikala mapapai na kunywa maji. Kunenepa nimenenepa, kanzu zangu mwenyewe nimezifumua pembeni. Lakini kila moja aliniambia kabla haijaja. Ikija namwambia Mama Salma, ile ya tatu imefika. Tunacheka.

Kitu ukiambiwa kinakuja, hakikutishi sana. Na ugonjwa wangu wenyewe ni woga, sasa dawa ya woga inatolewaje kwa kumtisha mtu?

Ramadhani ile sikufunga siku zote, nilikuwa mgonjwa na mgonjwa ana ruhusa yake, nimelipa baadaye. Polepole mkono ukatulia. Nikajaribu kutunga uzi kwenye sindano mbele ya dirisha. Ukaingia.

Sikuamini, nikauchomoa nikatunga tena.

Barazani sikurudi. Nafasi yangu Hamza ameweka cherehani ya pili na kijana wa kushona. Tukikutana ananiambia karibu fundi, kiti chako kipo. Kiti kipo kweli. Nashonea sebuleni kwangu sasa, wateja wamerudi nusu.

Hapo ningesema yameisha. Hayakuisha.

Idi shemeji alikuja. Akaniona nashona, mkono umetulia kama wa zamani. Akawageukia wageni.

"Mnamwona? Nilimtoa mimi huyu."

Nikamwambia mbele za watu, shemeji, mimi natumia dawa mpaka leo, ziko kabatini pale.

Akanigonga bega. "Hizo za kusafishia njia tu. Kazi ilishafanyika Moa."

Wageni wakaitikia mashaallah. Nikatazama huku na huku, hakuna aliyenitazama mimi. Wanamtazama yeye. Na toka siku hiyo ndiyo habari ikaanza kutembea. Mimi nimekuwa bango lake la biashara, na bango haliulizwi.

Juzi hapa mlango ukabishwa. Mama mtu mzima, na binti yake wa miaka ishirini na kitu. Wametoka Mkwaja, wanakwenda Moa, wamepita kwangu wanione kwa macho na kuuliza njia.

Binti alikaa kwenye kochi langu, kajifunika mtandio wa kijani mpaka puani. Akapiga miayo. Akapiga tena. Goti linaruka.

Wakuu, nilijiona mimi.

Nikamuuliza mama, anatumia dawa? Akasema alikuwa anatumia, za hospitali, za wasiwasi. Tulivyosikia habari zako tumezitupa juzi.

Tulivyosikia habari zako.

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza nyinyi. Nikaenda kabatini nikamletea dawa zangu azione. Nikamwambia siwezi kumpa hizi, za mtu ni za mtu, lakini twende wote kliniki sasa hivi, Mama Salma atakaa benchi tena. Mama Salma akaitikia kwamba yuko tayari. Yule mgeni akanisikiliza mpaka mwisho, mama wa watu, kwa heshima kabisa. Akaniwekea mkono gotini.

"Baba, aliyetolewa jini hakumbuki alichokuwa nacho."

Yule binti akanitazama mimi. Alikuwa ananisikia, naapa alikuwa ananisikia. Lakini mama yake ameshainuka, ameshika mkoba. Nikawasindikiza mpaka barabarani, naongea njia nzima. Wakapanda gari ya Moa.

Mama Salma aliniomba nisiandike haya. Ni kaka yake, damu yake. Nimemwomba radhi naye amesikitika, lakini nimeandika.

Nilichojifunza mimi ni kidogo. Daktari akikuandikia dawa ya akili usiinuke kwenye kiti mpaka akwambie itakufanya nini, hata kama foleni inakupigia kelele. Mwite mwenza wako asikie naye, kwa sababu kuna siku neno lako halitahesabika. Maudhi yakikushinda rudi ulikoandikiwa, kaa benchi, dawa ina kubadilishwa na ina kupunguzwa. Usiikate siku moja. Kisomo soma, kombe kunywa, vinakaa tumbo moja na vidonge bila ugomvi, mimi ndiyo ushahidi.

Waliopitia hizi dawa wekeni yenu hapa, hasa ile miayo, mtu wa Moa akisoma ajue sikuwa peke yangu. Na wewe unayetaka kuniambia imani yangu ndogo, andika, nitakujibu, nina muda, Hamza amenipa.

Na kama kuna mtu yuko Mkwaja au Moa anamjua yule binti wa mtandio wa kijani, aliyepita Ngamiani na mama yake, amsomee huu uzi.

Amwambie ile shoti ya kichwani fundi anaijua. Amwambie akiulizwa "nani wewe", ataje jina lake tu, na wakimwambia muongo, alitaje tena.